Nani Amlipe Mwimbaji wa Bunia?

Kila litajwapo baraza la sanaa la jamii kwa ajili ya Bunia, yaani jumuiya ya raia itakayowatunza waimbaji, wapigaji wa ala, wachezaji, wachoraji na watambaji wa hadithi wa Ituri, na kuwapatia mahali pa kufanyia kazi na ujira wa kazi hiyo, hutokea watu wenye akili na nia njema wakatikisa vichwa na kusema kwamba wakati wake haujawadia. Hoja yao ni nyepesi kushika, na ndiyo maana imeenea: waliokimbia Djugu na Irumu wanalala chini ya maturubai, barabara hazina salama, walimu wanalilia mishahara, basi fedha yoyote na jitihada yoyote itakayoelekezwa kwenye ngoma na michezo ya jukwaani ni riziki iliyonyakuliwa kinywani mwa mwenye njaa. Kwanza amani, wanasema, kisha chakula, kisha shule, na mwisho kabisa, yakibaki masalio, sanaa. Wanaoyasema hayo aghalabu ni watu ninaowaheshimu, na kwa sababu hiyo si adabu kuwapita kimya. Hoja yao imestahili kujibiwa kwa urefu, na jibu langu ni kwamba, pamoja na huruma iliyomo ndani yake, imejengwa juu ya dhana isiyo ya kweli.

Dhana yenyewe ni kwamba sanaa ni kitu kiwezacho kungoja. Kwamba mji ukipatwa na vita unaweza kuzisimamisha nyimbo zake kama mtu asimamishavyo ujenzi wa nyumba, kisha ukazirudia siku ya raha. Hakuna mji uliopata kufanya hivyo, na Bunia hasa haijafanya. Katika vita vya 1999 hadi 2003, vilivyoangamiza zaidi ya watu 50,000 katika Ituri, nyimbo hazikunyamaza. Zilibadili mikono tu. Tarehe 12 Februari 2003 Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji la UPC, alikwenda kambi ya Rwampara, karibu na Bunia, kuwahutubia waliokuwa wakifunzwa uaskari, na picha za ziara ile zikawa miongoni mwa ushahidi mzito wa kesi yake mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyomtia hatiani tarehe 14 Machi 2012 kwa kuwaandikisha watoto wasiotimiza miaka 15 na kuwatumia vitani. Mtu akizisoma habari za kambi zile ataona kwamba mtoto hakufundishwa bunduki peke yake. Alifundishwa na kuimba. Waliowachukua watoto wale walilijua jambo ambalo wapinzani wangu wamelisahau, kwamba moyo wa binadamu haushiki silaha siku nyingi bila ya wimbo wa kuutia ukali, na kwamba atakaye kumgeuza mwana wa watu kuwa chombo chake huanza kwa kumpa maneno ya kuimba. Vita haikungoja amani ndipo iwe na sanaa yake. Sisi tuna sababu gani ya kungoja?

Kwa hiyo swali lililo mbele yetu si kama Bunia iwe na sanaa au isiwe nayo. Sanaa ipo, inafanya kazi mchana na usiku, na inalipwa. Swali ni nani anayeilipa, na kwa malipo hayo anaiamrisha iseme nini. Wazee waliokuwa vijana katika enzi ya Zaire hawahitaji kuelezwa maana ya swali hili, kwa kuwa waliziona siku ambazo wafanyakazi, wanafunzi na akina mama walipangwa mistari, wakavikwa sare, wakacheza na kuimba sifa za Mobutu na za chama chake, na ngoma za mababu, zilizokuwa na mahali pake katika mavuno, katika ndoa na katika msiba, zikanyang'anywa maneno yake ya asili zikavishwa jina la mtu mmoja. Enzi ile imepita, lakini tabia yake haikuzikwa pamoja nayo. Mwanamuziki wa Kongo hii ya leo, kuanzia Kinshasa mpaka huku kwetu, hujipatia sehemu kubwa ya riziki yake kwa kutupa mabanga: katikati ya wimbo hutaja majina ya mbunge, ya mfanyabiashara, ya mkuu fulani, na aliyetajwa humtuza. Simlaumu mwimbaji, kwa maana ana watoto wa kulisha. Nawalaumu wale wanaosema kwamba Ituri ni fukara mno hata isiweze kuitunza sanaa, ilhali wanaona kwa macho yao fedha zikimwagwa juu ya sanaa kila msimu wa uchaguzi na kila harusi ya mkwasi, katika jimbo ambalo dhahabu yake imechimbwa Kilo na Mongbwalu kwa zaidi ya miaka mia. Fedha ipo, kinachokosekana ni fedha isiyomwekea mwimbaji jina la mtu mdomoni.

Yuko na mlipaji mwingine, mwenye heshima zaidi, naye ni shirika la misaada. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa katika Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kuvuka mpaka kuingia Ituri, ukaichoma sana Mandima katika Mambasa, watu wengi waliwakataa waganga, wakayakimbia magari yao na kuzificha maiti za jamaa zao. Hapo wenye dhamana walifanya nini? Waliwatafuta waimbaji, wakawatafuta waigizaji wa redio, wakawatafuta wachekeshaji wa mitaani, kwa sababu maneno ya daktari mgeni yalikuwa hayaingii masikioni mwa watu mpaka yapite katika kinywa wanachokijua na lugha wanayoipenda. Katika miezi ile yote, mpaka ugonjwa ulipotangazwa kwamba umekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200, sikumsikia mtu akisema kwamba sanaa ingoje. Ilihesabiwa kuwa ni dawa, na kwa insafu ilikuwa dawa. Lakini ugonjwa ulipokwisha, mikataba ilikwisha nao, na msanii aliyekuwa wa lazima Mei akawa anasa Julai. Hilo ndilo ninalolikataa: kwamba mtu aitwe pale tu tunapokuwa na ujumbe wetu wa kumtumia, ujumbe uliokwisha kuandikwa ofisini kabla yeye hajaitwa, na kwamba asipokuwa na ujumbe wa mtu mwingine mdomoni, basi hana kazi. Mchezo wa kuigiza ambao mwisho wake umekwisha kuamriwa na mfadhili hauwezi kumwonyesha mtazamaji jambo lolote ambalo mfadhili hakulijua.

Sasa niikabili njaa, kwa sababu sitaki mtu aseme kwamba nimeizunguka. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 kambi ya Plaine Savo, katika Djugu, ilivamiwa, na zaidi ya watu 60 miongoni mwa waliokimbilia humo kutafuta usalama wakauawa. Awezaye kuzungumza juu ya ngoma katika nchi yenye habari kama hiyo bila ya moyo kumtetemeka, huyo simwamini, na sidai kwamba wimbo hulinda kambi au hushibisha tumbo. Nadai mambo mawili mengine. La kwanza ni la hesabu: gunia la unga linaloletwa kwa waliokimbia hutoka katika mifuko ya kimataifa iliyowekewa kazi hiyo, na mtu wa Bunia anayekataa kuchangia ala za muziki hakuongeza kwa kukataa kwake hata kibaba kimoja katika gunia lile, amekataa tu. La pili ni la utu. Aliyekimbia alikimbia na nini? Ng'ombe waliporwa, nyumba iliteketea, shamba limo mikononi mwa wenye silaha. Alichoweza kukivusha vizuizini bila ya kutozwa ni lugha yake, hadithi za bibi yake, na nyimbo za kwao, na anayeingia Kigonze au kambi nyingine yoyote ya Bunia siku ya msiba atawasikia watu wakizitumia mali hizo kumsitiri maiti wao, kwa kuwa hawana nyingine. Kumhesabu mtu huyo kuwa ni tumbo tupu, tumbo ambalo likijazwa ndipo roho yake itakapopewa ruhusa ya kusema, ni kumvua tena kile alichonusurika nacho.

Wambuti wa msitu wetu waliijua hekima hii kabla ya sisi sote. Colin Turnbull, aliyeishi nao karibu na Epulu katika miaka ya 1950 na kuandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1961, anaeleza habari ya molimo, ibada ya nyimbo ambayo hufanywa kambini linapotokea jambo zito kama kifo cha mtu mkubwa, nayo huendelea usiku baada ya usiku ili msitu uamke na kuwaangalia wanawe. Jambo linalonishika katika maelezo yake ni kikapu: kila siku vijana hupita kibanda kwa kibanda, na kila nyumba hutoa kitu, chakula au kuni, kwa ajili ya nyimbo za usiku. Haikuulizwa nani ana ziada, wala uimbaji haukuahirishwa mpaka windo linone. Kadhalika Turnbull alistaajabu kuona kwamba chombo chenyewe kitakatifu, ambacho alitazamia kukikuta kimechongwa kwa ustadi, kilikuwa bomba la chuma, na wenyewe hawakuona aibu, kwa sababu muradi wao ulikuwa sauti na wala si mapambo. Watu wasio na ghala wala akiba walikuwa na baraza la sanaa, na baraza hilo lilikuwa na hazina yake, na hazina hiyo ilijazwa na kila mlango. Tunaoishi katika mji wenye soko, mabenki, vyuo vikuu na makanisa makubwa, tunasema hatuwezi.

Na kama ushahidi wa msituni unadharauliwa na wale wasioamini ila kilichotendwa Ulaya, basi na Ulaya waitazame. Waingereza hawakuanzisha msaada wa umma kwa sanaa wakati wa neema. Baraza lao la kutia moyo muziki na sanaa liliundwa Januari 1940, nchi ikiwa vitani, chakula kikigawiwa kwa vibali, na majira ya vuli ya mwaka ule ule London ikaanza kushukiwa na mabomu usiku kwa usiku. Mpiga piano Myra Hess alikuwa ameanza tangu Oktoba 1939 kupanga maonyesho ya muziki wakati wa chakula cha mchana katika jumba la picha la taifa, ambalo picha zake zilikuwa zimehamishwa kwa hofu ya mabomu, na watu walipanga foleni kwenda kusikiliza. Aliyeliongoza baraza lile tangu 1942 alikuwa John Maynard Keynes, mwanauchumi, ambaye kazi yake nyingine katika miaka ile ile ilikuwa kutafuta namna ya kuilipia vita. Hakuna awezaye kusema kwamba hakujua thamani ya fedha. Vita ilipokwisha, mwaka 1946 baraza lile likapewa hati ya kudumu. Lilizaliwa vitani ndipo likarithiwa na amani, na lau wangalingoja, amani ingalikuta mikono mitupu.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini, na ni nzito kuliko ya kwanza. Sanaa ya Ituri, wanasema, ni ya makabila, na makabila yamechinjana. Mkiwapa jukwaa Wahema, Walendu, Wangiti, Waalur, Wabira, Walugbara na wengineo, kila mmoja na ngoma yake na kilemba chake, mtakuwa mmeichora upya mipaka ambayo damu iliichora. Hofu hii naiheshimu, kwa sababu haikutungwa. Zipo nyimbo zenye matusi kwa jirani, na wanaozijua wanazijua. Lakini tuulize zinaimbwa wapi. Huimbwa mahali ambapo jirani hayupo. Wimbo wa kumdharau mtu husitawi katika mkutano wa faragha, ambako hakuna uso wa kuona haya mbele yake, na ukiupeleka mbele ya halaiki iliyochanganyika, ambamo anayetajwa ameketi safu ya pili pamoja na mkewe na watoto wake, mwimbaji mwenyewe huubadili au huuacha. Jukwaa la pamoja halikuletwa ili kila kabila lijisifu kwa zamu. Limeletwa ili kila mmoja aimbe huku akisikika na yule ambaye wimbo unamhusu. Kuzikataza ngoma zisitoke nje ni kuziacha mahali pabaya kuliko pote.

Fauka ya hayo, sanaa yenyewe haikuwahi kuitii mipaka hiyo. Adungu, kinubi cha Waalur, hupigwa na Walugbara pia, na leo kinasindikiza nyimbo za ibada ng'ambo na ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Kiswahili, kilichoingia msitu wa Ituri pamoja na misafara ya waungwana katika karne ya 19, si mali ya kabila lolote la hapa, na kwa sababu hiyo mchezo unaochezwa kwa Kiswahili sokoni Bunia hausikiki kuwa ni wa upande wowote. Wenzetu wa Lubumbashi wameonyesha kwa miaka mingi, kupitia kundi la Mufwankolo, kwamba Kiswahili cha mitaa yao kinatosha kubeba mchezo mzima wa kuigiza juu ya madaraka na ulafi wa madaraka. Na yuko shahidi wa karibu zaidi, asiyetajwa kwa sababu tumemzoea: kwaya za makanisa. Ni nani katika Bunia anayewafundisha vijana kushika sauti nne, anayewapa chumba cha mazoezi, gitaa, ngoma na vipaza sauti, anayewapangia saa, na kuwapatia wasikilizaji kila wiki bila ya kuuza tiketi? Ni kanisa. Vijana wa makabila yaliyopigana husimama safu moja wakapumua pamoja mahali pamoja, kwa sababu sauti nne haziimbiki kwa chuki. Wanaosema kwamba baraza la sanaa haliwezekani Bunia wana mabaraza ya namna hiyo kila mtaa, na Jumapili huketi ndani yake. Upungufu wake ni mmoja tu, nao si kosa la kanisa: mpiga adungu wa kale, mchezaji wa ngoma ya mavuno, mwigizaji anayetaka kusema jambo lisilo la dini, na Mwislamu anayeghani kasida, hawana mlango wa kuingilia.

Kwa ajili ya hofu hii ya ukabila, nina sharti moja ambalo kwangu halina mjadala: baraza hilo lisiwe la wawakilishi wa makabila. Mara tu kiti kimoja kitakapoitwa cha fulani na kingine cha fulani, kila senti itahesabiwa kwa damu, na tutakuwa tumeanzisha uwanja mpya wa vita vile vile. Viti na vigawanywe kwa ufundi: mpiga kinubi, kiongozi wa kwaya, mcheza ngoma, mwigizaji, mchoraji, mtu wa redio, mshonaji wa mavazi ya jukwaani. Mtu akiingia kwa ufundi wake atalazimika kumtetea fundi mwenziwe, awe anatoka Mahagi au Boga.

Wengine hujibu: madhali unakiri kwamba sanaa inahitaji msaada, na ifanye serikali. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 46, imempa kila mtu haki ya utamaduni na uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na imeiagiza dola iulinde urithi wa taifa na kuustawisha. Basi tungoje dola. Naiheshimu ibara ile, na ningependa kila msanii wa Bunia aijue kwa moyo, ila dola ile ile mwezi wa Novemba 2021, kupitia tume yake ya udhibiti huko Kinshasa, ilipiga marufuku nyimbo za kundi la muziki la MPR na za mwimbaji Bob Elvis zilizowagusa watawala, na ilihitajika ghadhabu ya umma ndipo marufuku juu ya wimbo wa MPR ikaondolewa. Hata kwa jirani zetu wa Tanzania, ambao Baraza lao la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984 na limefanya mengi ya kusifiwa, mkono ule ule unaosajili na kutuza ndio unaofungia: Desemba 2018 uliwakataza Diamond Platnumz na Rayvanny kufanya maonyesho kwa sababu ya wimbo mmoja. Siandiki haya kuwashutumu majirani. Naandika kuonyesha kwamba uwezo wa kutuza na uwezo wa kunyamazisha visipotenganishwa, cha pili hukila cha kwanza. Huku kwetu, chini ya utawala wa kijeshi ulioanza tarehe 6 Mei 2021, jambo hili ni zito maradufu. Baraza la jamii na liiombe serikali idhini ya kukusanya watu, na liitii sheria. Lisiiombe mshahara, wala lisikubali kuwa mpimaji wa maneno ya wasanii kwa niaba yake.

Litaishije basi bila ya mshahara wa serikali? Litaishi kama alivyoishi mzee wa vyama vya taarabu katika Afrika Mashariki. Chama cha taarabu cha Nadi Ikhwani Safaa kiliundwa Unguja mwaka 1905 na vijana waliotaka kukutana, kujifunza ala na kupiga pamoja. Walichanga, wakanunua, wakajifunza, wakafundisha waliokuja nyuma yao. Chama kile kimevipita vita viwili vikuu vya dunia, kuondoka kwa Waingereza, na mapinduzi ya 1964, na kingali kipo. Wasultani wamekwenda, mabalozi wamekwenda, na daftari la michango limebaki. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyoenea kutoka pwani hadi bara wakati wa Vita ya Kwanza, navyo vilikuwa na maofisa wake na michango yake, wakisaidiana katika msiba kama walivyoshindana katika ngoma. Huu ni ujuzi wetu wenyewe. Haukuhitaji kufundishwa na mtaalamu wa miradi. Na hapa Kongo, mtu asiniambie kwamba miji ya mashariki haiwezi: Goma ilifanya tamasha la Amani Februari 2014, miezi michache tu baada ya waasi wa M23 kushindwa mwaka uliotangulia, na maelfu ya watu wakaja, naye mcheza dansi Faustin Linyekula aliihamishia Kisangani studio yake ya Kabako, mbali na fahari ya Kinshasa, na dunia ikamfuata huko huko.

Iko hasara moja ya kungoja ambayo haiwezi kulipika baadaye, nayo ndiyo inayonifanya nishindwe kuwa mpole katika jambo hili. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili vya Voyager kwenda kwenye sayari za mbali na kupita, na katika kila chombo wakaweka sahani ya dhahabu yenye sauti za dunia: Bach yumo, Beethoven yumo, Chuck Berry yumo, na umo wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa kuingia utu uzima, uliorekodiwa na Turnbull katika msitu wa Ituri. Chombo kimojawapo kilikwisha kutoka nje ya milki ya jua mwaka 2012. Hakuna sauti ya Kongo iliyofika mbali kuliko hiyo, wala haitakuwapo. Katika orodha ya sahani ile jina la aliyerekodi limeandikwa. Majina ya walioimba hayamo. Vivyo hivyo Hugh Tracey alipita kando ya msitu huu mwaka 1952 na chombo chake cha kunasia sauti, akawarekodi Wambuti na majirani zao, na hazina ile leo imehifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini, mahali ambapo mtoto wa Mambasa hafiki. Vitambaa vya magome ya miti, ambavyo wanaume wa Kimbuti huvitwanga na wanawake wao huvichora kwa maji ya tunda na masizi, vinatundikwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Tracey na Turnbull naona tuwashukuru, kwani bila ya wao tusingekuwa na hata hicho kidogo; lakini ni aibu yetu kwamba waliotambua thamani ya sanaa ya Ituri, wakaiandikia, wakaisafirisha na kuitunza, walikuwa wageni, na sisi wenyewe bado tunajadiliana kama ni jambo la dharura. Mzee mwenye nyimbo mia moja kichwani akifa leo katika kambi ya waliokimbia, amani ya mwaka kesho haitamfufua.

Kwa hiyo nasema wazi ninachokitaka, ili anayenipinga apinge kitu na si kivuli. Nataka ukumbi mmoja, hata uwe wa mabati, wenye saa za mazoezi zilizo wazi kwa kila kundi kwa zamu iliyobandikwa mlangoni. Nataka ghala la ala na vipaza sauti vya kukodishwa kwa bei ambayo kikundi cha vijana wa Mudzipela kinaweza kuilipa bila ya kumtafuta mwanasiasa. Nataka wazee wapiga ala walipwe kama walimu wanavyostahili kulipwa, kila mmoja akiwa na vijana wawili au watatu wa kufundisha, wakiwamo vijana wa kabila lisilo lake. Nataka kila wimbo unaorekodiwa uandikwe jina la mwimbaji, kijiji chake na mwaka, na nakala ibaki Bunia, katika chuo kikuu au katika redio, chini ya ulinzi wa baraza, na haki za mtungaji zidaiwe kwa mujibu wa sheria iliyopo tangu mwaka 1986. Fedha itoke kwa mchango mdogo wa kila mwanachama, kwa sehemu ya kiingilio, na kwa wafanyabiashara watakaokubali kutoa bila ya kutajwa ndani ya wimbo. Majina yao yatabandikwa ukutani pamoja na hesabu, na hesabu isomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiswahili, mbele ya yeyote atakayekuja kuisikiliza. Mfadhili wa nje akija, apokewe kwa taadhima, lakini asipewe kiti cha kupiga kura.

Baraza na lianze na wale wazee. Ukumbi unaweza kungoja mabati, na vipaza sauti vinaweza kungoja umeme, lakini orodha ya wapiga ala na watambaji wa hadithi waliomo katika kambi na mitaa ya Bunia, wenye umri wa miaka 60 na zaidi, inaweza kuandikwa na wanafunzi wachache wenye daftari na simu za kunasia sauti kuanzia wiki hii, na gharama yake haitapita nauli zao za pikipiki.